Kifungu cha Nne, Aya ya Pili

Ombi namba mia mbili na sita lilifika Machi,
bahasha ya kaki, stempu mbili za kichwa cha malkia,
moja imebandikwa juu chini, kwa haraka.
Yip Hoi-ching, miaka kumi na tisa, mkazi wa Sham Shui Po.
Anataka kusomea maji yaliyo chini ya ardhi,
yanavyopita mpaka bila kuulizwa.

Mimi ni karani, kazi yangu kuweka vema.
Alama za mtihani: vema.
Barua ya mwalimu: vema.
Cheti cha daktari, mapafu safi: vema.
Kisha kifungu cha nne, aya ya pili:
*mwombaji atoke katika eneo lililo chini ya Taji
siku ya kutuma ombi
na siku ya kuanza masomo.*

Siku ya kutuma, tarehe saba Machi. Yumo.
Siku ya kuanza, mwisho wa Septemba.
Katikati pana usiku mmoja wa Juni:
bendera itashuka, nyingine itapanda,
naye atalala kitanda kilekile cha juu,
nduguye akikoroma cha chini,
feni ileile ikilalamika,
aamke amehama
na hajafunga hata sanduku.

Niliuliza London. Wakasema waulize Beijing.
Beijing wakanijibu kwa adabu
kwamba swali hilo ni la hao wanaoondoka.
Asiyekuwapo na lake halipo:
walipoketi mezani kutia saini
yeye alikuwa na miaka sita,
pengine siku hiyo aling'oka jino.

Mei alikuja mwenyewe, mvua inamwagika,
mwavuli akauacha nje
asije akalowesha sakafu ya serikali.
Hakuuliza kama amefaulu.
Aliuliza, "Serikali ipi itanijibu?"
Nikatazama nembo kwenye karatasi yangu,
simba na yule farasi mwenye pembe.
Stoo tunazo katoni kumi na mbili za karatasi mpya;
tumekatazwa kuzifungua kabla ya Julai.

Alipokuwa akingoja mvua ipungue
akanieleza kuhusu baba yake, fundi saa.
Mteja akiacha saa asirudi,
mzee huitia ufunguo kila asubuhi,
miaka na miaka,
maana saa haijui kuwa mwenyewe ameondoka.

Leo ishirini na saba Juni.
Muhuri wangu wa tarehe una kigurudumu kidogo;
Juni hadi Julai ni kusukuma kwa dole gumba,
mlio mmoja, basi.
Faili limo droo ya kati, pamoja na chai yangu.
Kisanduku cha kifungu cha nne ki cheupe.

Nilipiga simu dukani. Alipokea baba.
Nikasema: bado.
Akasema ahaa, akanyamaza, hakukata.
Nyuma yake nikazisikia saa, nyingi mno,
kila moja na dakika yake.