Vyoo vya Ghorofa ya Pili

Asubuhi naanza na vyoo vya ghorofa ya pili,
kabla basi la Trawsfynydd halijawashusha watoto wake waliolowa.
Huku kaskazini ya Welisi hatuhesabu siku za mvua,
twahesabu zile ilipotusahau.
Nafunua tangi la maji, nazamisha mkono hadi kiwiko,
naopoa kifuko cha plastiki kilichofungwa mafundo mawili,
na ndani, kikavu, kitu cha waridi
kizuri kama kalamu ya zawadi.
Ladha ya tikitimaji.

Cha saba wiki hii.
Navitia katika bati la biskuti, nyuma ya mifagio.

Mkuu wa shule, Bwana Prydderch, alianza na mabango:
pafu jekundu, pafu jeusi.
Jeusi likachorwa masharubu kabla ya saa ya chakula.
Akaleta mashine ya kunusa hewa, ikafungwa darini;
siku ya kwanza ililia mara kumi na nne,
tatu kati ya hizo kwa marashi ya mwalimu wa Kifaransa.
Ndipo akaamuru milango ing'olewe.
Fundi aliing'oa. Mimi nilifagia unga wa mbao.

Tangu siku hiyo Mabli wa darasa la nane
hanywi maji hadi kengele ya mwisho,
naye hajavuta hata mvuke wa birika.
Nilikwenda kusema.
"Basi nipe dawa wewe, Eirwen," akajibu, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi.
Sikuwa nayo. Nilikuwa na ndoo.

Taid, ndivyo tuwaitavyo babu zetu,
alichonga vigae ndani ya mlima ule unaouona dirishani,
ule uliokatwa kama mkate.
Vumbi la mawe lilimwingia kifuani likahamia kabisa.
Usiku, ng'ambo ya ukuta, tulimsikia
akihema kama mtu apandaye ngazi,
naye amelala.
Yeye alilipwa ili alivute.
Hawa wanatoa pesa zao za chakula.

Jumanne nikamkuta Gethin, yule mrefu wa timu ya raga,
amepiga magoti kwenye vigae vyangu nilivyopiga deki,
mkono wake ndani ya tangi, unatafuta
kilichokuwa tayari mfukoni mwa aproni yangu.
"Kirudishe," alisema.
Kisha: "Tafadhali."
Hilo la pili ndilo lililonivunja.

Akaniambia, akitazama ukuta,
kwamba huamka saa tisa za usiku akikipapasa chini ya mto
kama mchanga apapasavyo titi.
Cha kwanza alipewa bure na binamu yake, nyuma ya duka la chipsi.
Bure ni ghali, wenye umri tunajua;
nani alimwambia mtoto wa miaka kumi na mitatu?

Sikumhubiria. Nilimpa fagio.
"Mikono ikitetemeka, njoo. Chumba changu kina joto."
Jumatano alikuja mara tatu. Alhamisi mara mbili,
akala biskuti zangu zote, akauliza habari za Taid.
Ijumaa hakuja.
Jumatatu alikuja ananukia tikitimaji,
akasimama mlangoni kama mdeni.
Nikasema, fagio liko palepale.

Nami sikumwomba mtu ruhusa.
Jioni nilishuka ghalani na bisibisi,
nikachagua mlango mmoja, wa choo cha mwisho cha wasichana,
Gethin akaubeba ngazi mbili juu.
Si mlango mzito.
Aliushika wima nami nikikaza bawaba,
na katika ukimya ule nilimsikia anavyohema.

Sikusema kitu. Nilikaza skrubu ya mwisho.
Darini mashine iliwaka kijani, ikatutazama.

Asubuhi Mabli alipita na begi lake,
akarudi nyuma hatua mbili,
akausukuma mlango kwa kidole kuona kama ni wa kweli,
akaingia,
akafunga.