Mfumo Mpya, Ofisini Makole

Jumatatu Chiwanga alinihamishia mfumo.
"Huu hatuulipii leseni, Mama," akasema,
akaondoka, funguo za pikipiki zikimlia kidoleni.

Skrini yangu ni sikio.
Nikabonyeza pale pa zamani: kimya.
Kama vile wamehamisha kinu nikiwa kisimani.

Saa tano ikaropoka, sauti ya puani, mbio mbio,
ikafika Ng'ong'ona, ikakwama:
eni, ji, alama...
Nilicheka mpaka chai ikaonja kibodi.

Upepo wa Julai ukitikisa mabati
nikaifundisha: Nzuguni. Mpwapwa.
Ng'ong'ona. Tena. Ng'ong'ona.

Alhamisi ikasoma barua ya kisima yote
ila jina langu, Mbeleje:
yenyewe yasema Embeleje,
kama mgeni abishaye hodi
naye yumo ndani tayari.

Hilo sijalisahihisha.