Unene wa Bamba

Lori limeshusha mabamba ya aina mbili hapa Mikindani.
Membamba, yanang'aa, bei imelala;
manene, meusi, bei imesimama wima.
Simu ya Dar inasema: chukua membamba, Somoe,
ukuta ni ukuta.

Nangumbi anagonga kwa nyundo,
anasikiliza kama mtu anayechagua nazi.
"Hili linacheka tu," anasema. "Hili lina la kusema."

Kisha ananishusha mpaka kwenye tope,
ananionyesha nguzo ya gati la zamani:
chini ya maji, chuma kizima;
juu kabisa, kizima;
hapo katikati, maji yanapopanda na kushuka,
tundu la kupitisha ngumi.
"Kutu haili kila mahali, mama. Inachagua."

Nasi tuchague.
Fimbo ya kupimia ilizama mita nne za tope,
halafu ikalia: matumbawe.
Tukajaribu bamba moja jembamba.
Mtambo ulipiga mara sita;
tulipoling'oa, ncha ilikuwa imejikunja
kama pembe ya daftari la mtoto.

Nikasaini manene.
Fedha ni ile ile, kwa hiyo ukuta utapungua
mita kumi na moja,
utaishia kabla ya banda la Bi Fikira, mkaanga pweza.
Ndiye anayeniletea chai kila asubuhi
na kuuliza tunafika kwake lini.

Yanazama sasa, kulabu ndani ya kulabu,
bamba limemshika mwenzake mkono.
Ninayahesabu.
Nikifika la mwisho
naanza tena.