Kushuka Bila Mzigo

Miaka kumi na minne nimeijua baiskeli kwa uzito:
mikungu minne nyuma, mmoja mbele,
Kidia hadi Kiboriloni kabla ya jua kuwaka,
na breki ni katambuga langu
likisaga tairi hadi linuke.
Sikuwahi kushuka. Nilikuwa nazuia.

Leo huyu Aikande, binti wa fundi Temba,
rika moja na mwanangu wa kwanza,
ananiambia: Baba Kisali, hubebi kitu.

Baiskeli yake ina shokapu mbele na nyuma,
tairi nene kama chatu aliyeshiba.
Anazipunguza upepo. Mimi nashangaa,
mimi ambaye hujaza mpaka pampu ilie.
Anashusha siti mpaka mwisho wa bomba.
Nitakaa wapi?
Hukai, anasema. Anayekaa ni abiria.

Simama. Pedeli zote mbili usawa,
magoti yalegee, viwiko nje
kama kuku aliyemwona mwewe.
Kidole kimoja kwenye breki, kimoja tu.
Vingine vishike handeli
unavyomshika mtoto mkono siku ya soko:
asiponyoke, asiumie.
Na jiwe usilitazame.
Ukilitazama, litakuita kwa jina
nawe utaitika.
Tazama njia.

Njia ipi?
Mbele yangu mizizi ya mkaratusi,
utelezi mwekundu wa mvua ya jana,
mfongo unaokatiza na maji yake ya zamu,
na ng'ambo ya mfongo mbao sita za mgrevilea
alizozigongomea mwenyewe,
zimeinua pua juu,
hazielekei popote.

Popote ndipo hapo, akasema, akaenda.
Nikazisikia tairi zake zikinguruma kwenye kokoto,
kisha zikanyamaza.
Ndivyo unavyojua mtu yuko hewani:
udongo unaacha kusema.

Mama Ndeshi alikuwa anakata majani ya ng'ombe.
Unapeleka nini leo?
Sipeleki, mama.
Unafuata nini huko chini?
Sifuati.
Hee! Basi unakimbia nini?
Hapo nikakosa jibu, nikaachia breki.

Mzizi. Mzizi. Magoti yakazimeza.
Mgomba kushoto, mbuni kulia,
nguo za mtu kwenye kamba, nikainama,
upepo ukaingia kwenye shati
ukanitafuta mbavu kwa mbavu.
Mfongo ukapita chini yangu kama utani.
Mbao zikalia ta-ta-ta-ta
na ya sita haikulia.

Kwa muda wa kumeza mate
sikuwa na mikungu, sikuwa na deni la ada,
sikuwa na miaka arobaini na mitatu.
Mlima ulikuwa umejifunika, haukuona.
Niliona mabati ya Kiboriloni yaking'aa mbali
na nikacheka, mdomo wazi,
mimi mtu mzima.

Kisha nikalitazama jiwe.

Aikande alinikuta nimekumbatia mgomba
uliokatika katikati, mchare,
mkungu wake haujakomaa hata kidole.
Goti linavuja damu. Kofia ngumu ya mtumba
imepasuka mstari badala ya kichwa changu.
Hakunipa pole.
Akaenda mpakani mwa kihamba, akachuma jani la sale,
akalifunga fundo, akanikabidhi.
Hata hili ni sehemu ya somo, akasema.
Anayeruka juu ya shamba la watu
ajifunze pia kubisha hodi.

Mama Ndeshi alilipokea jani kwa mikono miwili,
maana sale halikataliwi.
Akauangalia mgomba. Akaniangalia goti.
Ng'ombe atakula, akasema, yamekwisha.
Halafu, kwa sauti ya chini, Aikande asisikie:
Pale juu, ulipokuwa huna chini,
tumbo lilikwenda wapi?

Lilibaki nyuma, mama. Likanifuata baadaye.

Akacheka mpaka mundu ukamdondoka.

Aikande alikuwa ameshaanza kusukuma
kurudi kwenye mkaratusi.
Nikaokota baiskeli, nikanyoosha handeli,
nikainamisha mgongo.
Kupanda
sihitaji mwalimu.