Alama za Vidole

Mashine ya Uhamiaji haimwoni mama.
Ameweka kidole gumba mara nne,
amekifuta kwa leso, amekipulizia pumzi,
na kioo kinawasha taa nyekundu, kinakataa.
Karani, kijana mpole mwenye kikohozi, anasema:
"Mama, huna alama."

Miaka ishirini na sita juu ya mbuzi,
mbaazi za nazi kila alfajiri pale Maweni,
sufuria mbili, na Ijumaa tatu.
Kumbe alikuwa anajikuna mwenyewe,
anajitia kwenye tui kidogo kidogo,
na Malindi nzima imemnywa.

Nilisimama nyuma yake, faili kifuani.
Jibu nilikuwa nalo, lilikuja mtihanini:
ngozi ya juu hujizaa upya, wiki nne hivi.
Nikamwambia karani. Akanitazama kama mtu
aliyesalimiwa na kiti.
"Basi arudi baada ya mwezi.
Na asikune nazi."

Kwa Kahindi kompyuta ni shilingi moja kwa dakika.
Fomu ya chuo cha udaktari ina kurasa tisa
na inafungwa Ijumaa, saa sita usiku.
Jina: Mize Shaame Faki.
Biolojia, A. Kemia, A.
Kiswahili, B; Mwalimu Kadzo hajanisamehe.
Mahali pa kuzaliwa: Mayungu.
Uraia:
hapo kishale kikasimama, kinapepesa.

Kisanduku cha kwanza ni cha raia.
Cha pili ni cha mgeni, na mgeni hulipa kwa dola.
Cha tatu hakipo.

Babu alitoka Pemba na jembe na mke.
Baba kazaliwa hapa, kafia hapa.
Kitovu changu kimezikwa nyuma ya jiko,
lakini kitovu hakina muhuri.
Ombi letu la ukaazi wa kudumu liko Nairobi,
linashughulikiwa.
Nimelihesabu neno hilo: silabi saba,
miezi kumi na tisa.

Ukurasa wa nane: *Kwa nini unataka kuwa daktari?*
Maneno mia tatu.
Nikaandika kuhusu kuwatumikia wanadamu, nikafuta.
Nikaandika kuhusu ndoto za utotoni, nikafuta;
utotoni nilitaka kuuza aiskrimu.

Kisha nikauandika usiku ule Asaa alipobanwa na pumu,
mbavu zikiingia ndani kama hema lililong'olewa mambo,
na dirisha la mapokezi likauliza:
kitambulisho cha mzazi?
Kisha: kadi ya bima?
Kisha, kalamu ikiwa bado mkononi:
anapumua?
Alikuwa anapumua. Sasa anacheza namba saba
na ananiibia chaja.
Lakini maswali yale nimeyaweka kwa mpangilio wake,
na mimi nataka kuanza na la tatu.
Maneno hamsini na moja. Nikaacha hapo.

Kwenye uraia nikabonyeza *mgeni*.
Kidole kilibonyeza, mimi nilitazama pembeni,
kwenye bango la Kahindi: PASIPOTI SAIZI HAPA.
"Dakika sabini na mbili," akasema,
"lakini toa hamsini, daktari."
Sikucheka. Nikampa sabini na mbili.

Siku ya kumi na saba leo.
Mama hana kazi na mikono yake; anaipaka mafuta,
anaikalia, anaiinua kwenye mwanga wa mlango
kama anayekagua noti.
"Huu mstari hapa, ulikuwepo jana?"
Ninamwambia ndiyo. Wakati mwingine ni kweli.

Na wateja hawangojei faili.
Saa kumi alfajiri niko juu ya mbuzi mimi,
nazi ya sita, ya saba,
meno ya chuma yakinigusa ncha za vidole,
na Asaa amelala, pua moja inapiga filimbi.

Zamu yangu kwenye mashine ni tarehe tisa.
Ninanawa, ninajifuta,
ninainua gumba chini ya taa.
Ninahesabu.