Kibali cha Ngomeni

Fomu ilikuwa na kurasa kumi na moja.
Jina: Nyevu Kazungu Mwaro. Mzaliwa wa Gongoni,
mwaka ule mvua ilipoyeyusha chumvi ya watu.
Kazi ninayoomba: mlinzi wa lango, zamu ya usiku,
pale wanaposikiliza yanayopita juu ya mawingu.
Sikutakiwa kuzijua nyota. Nilitakiwa kufunga lango,
kuandika nambari za magari,
na kunyamaza.

Kunyamaza nakujua.

Walinichunguza miezi mitatu.
Wakamwuliza mwalimu wangu wa darasa la saba,
wakamwuliza chifu, wakamwuliza hata yule jirani
tuliyegombana naye kwa ajili ya bata.
Alama za vidole zilikwenda Nairobi
zikarudi safi kuliko vidole vyenyewe,
maana chumvi imezila ncha,
na mashine ilinibana mara nne ndipo inikubali.

Kisha wakafika ukurasa wa tisa.

"Elfu thelathini na nane, mia sita," akasema afisa,
kama anayesoma joto la mgonjwa.
Mkopo wa simu. Miezi kumi na tisa.
Nilichukua elfu kumi na mbili usiku ule
dada yangu Dama alipozidiwa na uchungu,
na huko Malindi walitaka kuona kitu mkononi.
Pesa iliingia kwa mlio mdogo, kama chura.
Riba haina mlio.

Sikukana. Deni nililiandika mwenyewe
kwa herufi kubwa, pale walipoacha nafasi.

"Si kwamba wewe ni mwizi," akasema. Alikuwa mpole.
"Lakini mwenye deni ana mlango wa nyuma.
Siku moja atakuja mtu asiye na jina,
atakwambia: shika elfu arobaini,
acha lango wazi dakika tano.
Utafanyaje?"

Nikawafikiria wale wanaopiga simu alfajiri,
waliompigia mjomba, wakampigia mchungaji,
wakampigia hata mwenye kinu,
kila mmoja wakamwambia mimi ni nani.
Kama ningekuwa wa kununuliwa, bwana,
si ningekuwa nimeshalipa?

Hilo sikulisema. Nilisema, "Ningefunga."
Akaandika kitu kirefu kuliko jibu langu.

Sasa sikiliza.
Mama yangu anauza chai na mahamri stendi ya Gongoni,
na kando ya birika pana daftari lililotoka jalada.
Mimi ndiye ninayelijumlisha kila Ijumaa.
Najua nani anakula kwa ahadi.
Najua jina la ukurasa wa mwisho,
kwa mwandiko wa mama, bila cheo:
chai, mahamri, chai, mayai mawili,
tangu Januari, elfu sita na ushei,
na chini kabisa: *pesa taslimu elfu tatu, mkewe asijue.*

Jina hilo lilikuwa mbele yangu,
limebandikwa kifuani pake kwenye kibao cheupe.

Ningesema tu: Afande, mama anakusalimu.
Salamu haina kosa. Angeelewa,
na kalamu ingerudi nyuma ikafuta.

Nikatazama nje. Dishi kubwa, jeupe,
lilikinga uso juu
kama sahani ya mtu anayengoja kupakuliwa.
Nikanyamaza.

Akafunga jalada, akanishukuru kwa uaminifu wangu
katika kujaza fomu.

Barua ilikuja wiki ya pili. Kibali kimekataliwa:
*hali ya kifedha inayoweza kumfanya mwombaji ashawishike.*
Niliisoma mara mbili, nikaitia ndani ya daftari
isichafuke, nikarudi mashambani kukwangua chumvi
ya tajiri mwingine. Mia mbili kila wiki
natuma kwa wale wa alfajiri.
Mtoto wa Dama anatembea sasa, anashika ukuta.

Ijumaa afande alikuja, viatu vinang'aa,
akaagiza chai, mahamri matatu.
Akaniona. Akakohoa kidogo.
"Andika," akasema.

Nikaandika.