Sikutumwa

Robota namba mia nne na kumi na saba,
kilo mia mbili hamsini, katani daraja la pili,
limetoka Ngomeni kwa lori la Mhina
ambaye breki zake huziombea dua kila kona.

Mimi Semkiwa, wakala wa forodha,
chumba kimoja, Barabara ya Nane,
feni moja, mihuri mitatu.
Sijawahi kukata jani la mkonge
wala kusimama penye korona ikitema maji ya kijani.
Kazi yangu karatasi:
ankara, hati ya shehena, cheti cha afya ya mimea
kinachoapa kwamba hakuna mdudu aliyepanda bila nauli.

Makontena matupu yalikosekana wiki tatu.
Tanga tuna mzigo, Mombasa wana masanduku,
katikati yetu Horohoro na foleni yake.
Mnunuzi, Bwana Qiu, akaandika: lini?
Nikamwandikia: karibuni.
Neno hilo kwetu ni mlango; kwake ni tarehe.

Meli ikaja, ikabeba.
Dar, kisha Salala niijuayo kwa muhuri tu,
kisha siku na siku za maji
ninazozihesabu kwa dola:
bima, ghala, kukaa, kungoja kukaa.
Huko singa zitashonwa magurudumu ya kung'arishia,
zisugue koki na vijiko hadi mtu ajione uso.

Siku ya arobaini na sita picha ikaingia kwenye simu.
Robota limepasuliwa. Katikati ya weupe wa singa
kitambaa chekundu, upana wa vidole viwili,
chenye doa lililokauka
na neno moja lililosalia:
SIKUTUMWA.

Bwana Qiu anauliza kwa adabu:
kitu hiki kigeni ni nini?
Neno hili ni jina la dawa? La kiwanda?
Tafadhali eleza, na upunguze asilimia mbili.

Nikakodi pikipiki hadi Ngomeni.
Chumba cha brashi, vumbi limesimama kama mtu.
Zaituni Kilua akainua kidole cha shahada,
kovu lake bado changa.
"Utepe wa chuma ulikatika, ukanipitia.
Nikachana khanga, nikafunga, nikaendelea.
Jioni naona kidole kitupu.
Nilijua kimeanguka. Sikujua kimesafiri."
Khanga anayo bado, kiunoni, imeliwa pembe:
NIMEKUJA MWENYEWE, halafu nyuzi.

Nikaomba nisome chapa ya ukingoni.
Nikacheka, kisha nikanyamaza.
Doti hizi niliziingiza mimi, mwezi wa Machi,
marobota themanini, bandari ileile ya Bwana Qiu,
mihuri yangu mitatu, ushuru umelipwa.
Kile kigeni kilikuwa kinarudi kwao.
Cha kwetu mle ndani lilikuwa lile doa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, tumefundishwa.
Yenye daftari nayo hupotea,
ila habari zake huja na picha.

Bwana Qiu akakata kwa msafirishaji,
msafirishaji akakata kwa shamba,
shamba likakata chumba cha brashi,
na chumba cha brashi
kikamtazama mwenye kidole.
Mnyororo mrefu namna hii, bahari mbili,
lakini pa kuishia unapajua bila kuelekezwa.

Usiku nikamjibu:
si dawa, si kiwanda, ni maneno ya nguo,
kwetu nguo husema.
Nikafuta.
Nikaandika: kosa la ufungaji, halitarudiwa.
Nikatuma.

Zaituni hakuwa ameniuliza habari za hela.
Pikipiki imeshawaka, akanikimbilia, kiganja kimeziba jua,
akaniuliza moja tu:
"Kwa hiyo huko,
wamekisoma?"